Vitanda Arobaini na Nane

Nilipewa kompyuta ya shule kwa sababu siongei. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Karani wa shule alikuwa amejifungua mapacha na hakuwa na habari ya kurudi, basi prefe wa masomo, yule mwalimu anayesimamia taaluma yote, akaja darasani kwetu, akasimama mbele na kusema anatafuta mwanafunzi wa kumchapia orodha kila Jumamosi asubuhi. Mikono kama ishirini ikapanda. Akaizungushia macho yote, akaniona mimi nimeficha yangu chini ya dawati.

"Wewe," akasema. "Alama za watu ni siri. Na wewe hata jina lako unalitaja mara moja kwa muhula."

Darasa likacheka. Jirani yangu wa dawati akanipiga kiwiko cha mbavu. "Nilijua tu. Redio siku moja watamupa wizara juu ya kunyamaza."

Ananiita Redio kwa sababu nikifungua mdomo naongea kama msomaji wa taarifa ya habari, halafu nazimika. Tulirudi kutoka ukimbizini Karagwe mimi na mama, nikaja na Kiswahili cha shule na Kinyarwanda cha kuchekesha watu, kwa hiyo na jirani naongea Kiswahili. Chake ni cha mpakani, cha viazi na magunia, na kina nguvu kuliko changu.

Jirani lazima nimweleze vizuri, maana mambo yote haya yalimwangukia yeye. Anatoka Busasamana, juu kule chini ya volkano, mwendo wa saa tano kwa miguu ukitembea kama mtu anayedaiwa. Mjini hana ndugu hata mmoja. Analala bweni la shule, na mama yake alishasema tangu zamani, bila ukali wowote: siku shule itakapomnyima kitanda, masomo yamekwisha, atarudi kubeba viazi. Ile njia yao mwaka uliopita, kwa hofu ya waasi, hata wanaume waliipita kwa makundi, tena mchana. Hakuna mtu ambaye angemtuma binti aipite asubuhi na jioni. Basi akikosa kitanda amekosa shule. Hilo alinieleza yeye mwenyewe siku ya kwanza tulipoketi pamoja, huku akinilia mkate wangu.

Mimi nalala nyumbani, Nengo, hapahapa mjini, kwa hiyo kitanda sikuwahi kukifikiria. Hii naiandika hapa kwa sababu ni kweli na kwa sababu inaniuma.

Chumba cha karani kina meza moja, kabati lisilofungwa, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama watu wanavyofunika redio sebuleni. Kila Jumamosi kabla ya kuiwasha nilikunja maua, na baada ya kuizima niliyarudisha. Kando iko mashine ya kuchapa, ile ya sindano, inayolia kama mtu anachana turubai. Karatasi yake ina matundu pembeni, na vipande vya pembeni ukivichana vinafaa kufungia nywele.

Aliyetengeneza mambo ya ndani ni mwalimu wetu wa hesabu, aliyerudi kutoka Uganda na disketi kumi na mbili na suti moja. Aliwaingiza wanafunzi wote kwenye hifadhidata: jina, darasa, alama, mvulana au msichana, anaomba bweni au haombi. Halafu akaandika faili fupi tisa za maagizo, yeye anaziita skripti. Kila skripti inaiuliza hifadhidata swali moja na kuchapa jibu. Nani amepita. Nani anarudia darasa. Nani anakula hapa. Nani analala hapa. Nani anafagia choo. Unaandika DO na jina la skripti, unabonyeza, mashine inaanza kulia, na mtu mahali fulani amepata choo cha kufagia.

Nilipenda kazi hiyo, siwezi kudanganya. Darasani mwalimu akiniuliza mji mkuu wa nchi ninayoishi nageuka rangi. Kwenye chumba cha karani nilikuwa naamuru watu mia tatu bila kufungua mdomo.

Shida ilikuwa moja. Mwaka wa shule ulikuwa umeandikwa ndani ya kila skripti, 99, kwa tarakimu mbili, wakati huo watu wakisema kompyuta zote zitakufa ikifika elfu mbili. Muhula nao umeandikwa ndani ya kila skripti. Alama ya kupita, 50, nayo hivyohivyo. Muhula ukibadilika unafungua faili tisa, moja moja, unabadilisha, unahifadhi, unafunga. Muhula wa tatu nilipouanza nilibadilisha nane.

Ya tisa ilikuwa ya jikoni. Ikachapa orodha ya muhula uliopita, prefe akaipiga muhuri, ikabandikwa kwenye mlango wa jiko. Na hapa kwetu mpishi anaamini karatasi kuliko macho. Wanafunzi wawili wapya waliambiwa hawapo. Walikuwa wamesimama mbele yake na sahani mkononi, lakini hawapo. Wawili waliohama shule, wao walikuwepo, maharagwe yao yapo. Wiki nzima wale wapya waliitikia majina ya waliohama ili wapate kula, na mmoja wao, mvulana, alikula kwa jina la msichana. Mpishi alimpakulia bila kupepesa.

Mwalimu wa hesabu alikuja Jumamosi akanikuta nimejiinamia.

"Umesahau moja," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Usilie kwenye kibodi. Kosa ni langu. Kitu kimoja, kwa nini nikakiandika mahali tisa?"

Akachana kipande cha karatasi, akachora kisanduku. Ndani akaandika 50, juu yake akaandika ALAMA. "Hii unaiandika mara moja tu, kwenye faili yake. Skripti zote hazijui hamsini ni nini. Zinajua jina. Zikitaka namba zinakuja kuuliza hapa. Ukibadilisha hapa umebadilisha kote."

Nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba Karagwe tulifundishwa hesabu kwa Kiswahili na kitu kama hicho tulikiita kigeu.

"Basi hicho. Kaa ukitengeneze."

Nikatengeneza. Faili ya visanduku niliiita SANDUKU. Nikaweka ndani MWAKA, MUHULA na ALAMA, na juu ya kila skripti nikaandika mstari wa kuiita SANDUKU kwanza kabla ya kufanya lolote. Halafu nikaanza kuondoa namba. Kulikuwa na amri ya kutafuta na kubadilisha, unaiambia: popote utakapoona hiki, weka kile. Nikaiambia: popote utakapoona 50, weka ALAMA. Faili ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Hakuna hamsini hata moja niliyoisimamisha kuiuliza inafanya kazi gani pale.

Nikajaribu. Orodha zote tisa zikatoka sawasawa na za zamani, jina kwa jina. Nikamwonyesha mwalimu, akasema, "Safi." Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo. Mama akaniuliza kama nina jipu.

Mwisho wa mwaka ukafika na alama zikawa mbaya. Zilikuwa na haki ya kuwa mbaya. Kulikuwa na majuma ambayo hatukusoma, na majuma ambayo tulisoma tukisikiliza mambo mengine. Mimi ndiye nilichapa alama za wote, kwa hiyo nilijua, nikiwa nimekaa naye dawati moja, kwamba jirani yangu ana arobaini na nane na kitu. Siku kumi nilikaa na siri hiyo. Yeye akinieleza habari za mwaka ujao, atasoma nini, atakaa wapi, mimi natazama ubao. Hapo kunyamaza kulinisaidia na pia nilijichukia.

Baraza la walimu lilikaa asubuhi nzima. Mimi nilingoja chumba cha karani na maua yangu yamekunjwa. Mwishowe prefe akaingia na kikaratasi.

"Bon. Walimu wameona huruma," akasema. "Lakini usiandike huruma. Andika arobaini na nane."

Nikafungua SANDUKU, nikafuta 50, nikaandika 48. Namba mbili, basi. Wanafunzi kumi na mmoja waliokuwa wameanguka wakasimama. Nilitoa orodha zote tisa mfululizo, prefe akawa anapiga muhuri kila moja kabla wino haujakauka, akisoma vichwa tu. Mimi nilisoma moja, ya waliopita. Nilitafuta jina la jirani, nikalikuta karibu na mwisho, nikalisoma mara tatu nikaridhika. Ya bweni sikuisoma. Ilikuwa na majina, ilikuwa na muhuri, ningeisomea nini.

Kesho yake asubuhi ikawa proklamasyo. Kwa asiyeijua: wazazi wote wanakuja, wanafunzi wote wanasimama uani, na matokeo yanasomwa kwa sauti kubwa, wa kwanza mpaka wa mwisho, ili kama umefeli, ufeli mbele ya shangazi zako. Mtu wa kwanza anapigiwa makofi. Mtu wa mwisho anatazamwa na watu ambao hawakuwahi kumjua, na wanamkumbuka mpaka uzee.

Mama wa jirani alikuwa amekuja. Alikuwa mwembamba, mwenye koti la mwanamume, na kichwani alikuwa na godoro. Shule ilitangaza kwamba mwaka ujao kila wa bweni alete godoro lake na aliache kabla ya likizo, basi yeye alikuwa amenunua Goma asubuhi hiyohiyo, akavuka nalo mpaka pale Petite Barrière, akaja nalo moja kwa moja uani kabla hajajua kama mtoto amepita. Watu wa nyuma yake walikuwa hawaoni kitu.

Jina la jirani liliposomwa kwenye waliopita, godoro lilitikisika. Mwenyewe akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. "Redio. Redio, umesikia? Mi nilishaanza kuagana na watu."

Kisha akapanda mama wa bweni, yaani yule anayesimamia wasichana wanaolala shuleni, kusoma orodha ya vitanda. Vitanda vya wasichana vinagawiwa kwa alama. Mwenye alama nyingi anaanza, mpaka vitanda viishe, na vitanda ni hamsini. Kila msichana wa bweni anajua ni hamsini, wamevichora namba kwa rangi ya kucha. Mwaka ule walioomba na kupita walikuwa hamsini kamili, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi, watu walishaanza kutafuta miavuli yao.

Mama wa bweni akasoma na kuhesabu kwa kidole. "Arobaini na saba. Arobaini na nane." Akaikunja karatasi. "Mwisho."

Jirani yangu alibaki ameinua shingo, akingoja. Kule mbele msichana mdogo wa mwaka wa kwanza naye alibaki hivyohivyo. Wawili. Mama mwenye godoro akatembea mpaka mbele, na watu wakampisha maana ungepigwa na kona.

"Mama, mutoto yangu haujamusoma."

"Kama sijamusoma, haiko."

"Kitanda ndiyo haiko?"

"Kitanda iko. Jina ndiyo haiko."

"Sasa hiyo kitanda nani atailalia?"

"Hiyo ni mambo ya administrasyo," akasema, maana yake uongozi wa shule.

Yule mama akalishusha godoro chini, akaliweka vizuri, akakaa juu yake katikati ya ua. "Bon," akasema. "Niko nangojea administrasyo."

Mimi nilikuwa bado kwenye namba. Arobaini na nane. Jana nilikuwa nimeiandika kwa vidole vyangu. Nikaiona skripti ya bweni kichwani, mstari kwa mstari, kama mtu anavyouona mlango wa nyumba yao: panga kwa alama, chukua wasichana waliopita na wanaoomba, chapa hamsini wa kwanza. Hamsini wa kwanza. Ile hamsini haikuwa alama ya kupita, ilikuwa idadi ya vitanda, na mimi nilikuwa nimeifuta na kuandika ALAMA. Siku ya kujaribu zote mbili zilikuwa hamsini, kwa hiyo hakuna kilichoonekana. Walimu waliposhusha alama kwa huruma, walishusha na vitanda. Na kwa kuwa vitanda vinagawiwa kwa alama, waliotupwa nje ni wale wa mwisho kabisa, yaani walewale walioponywa na huruma. Jirani yangu alikuwa ameokolewa na namba moja na kufukuzwa na hiyohiyo, kwa mstari mmoja, na mstari ni wangu.

Nikamtafuta mwalimu wa hesabu. Alikuwa ameondoka na basi la alfajiri kwenda kumsalimia mama yake Kampala, na disketi zake. Kwa hiyo duniani nilibaki mimi peke yangu ninayejua.

Prefe alikuwa amezungukwa na wazazi chini ya paa la veranda. Nikasimama mwisho wa foleni. Hapo ndipo nilisikia mambo. Prefe alikuwa anamweleza baba wa yule mdogo kwamba vitanda vimepunguzwa kwa sababu ya hewa, kila mtoto ana haki ya hewa yake, donc, kwa hiyo, mbili zimeondolewa. Hatua chache nyuma mama wa bweni alikuwa anawaambia wengine kwamba vitanda viwili vimevunjika. Na mzee mmoja mwenye kofia, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza, alikuwa anawatuliza wenzake kwamba hayo ni maagizo kutoka Kigali, yeye aliyasikia mapema. Kosa langu halikuwa limemaliza hata nusu saa tangu lizaliwe na tayari lilikuwa na sababu tatu.

Ningeweza kuondoka. Nitaandika na hilo. Nilifikiria mwalimu atarudi, ataona, atarekebisha, mimi nitakuwa sijasema kitu, kama kawaida. Ila mwalimu angerudi wakati godoro limeshafika Busasamana. Na yule mama akiwa amekaa pale alikuwa anatazama foleni, mtu mmoja mmoja, kama anayechagua nani ana sura ya administrasyo. Jirani alikuwa amesimama kando yake na hakuwa anasema kitu. Sikuwahi kumwona hasemi kitu.

Foleni ikaniacha mbele. "Monsieur," nikasema.

Prefe akatazama huku na huku kutafuta sauti imetoka wapi. "Wewe unaongea?"

"Vitanda ni hamsini, Monsieur."

"Vilikuwa. Administrasyo imeamua arobaini na nane. Kwa ajili ya hewa."

"Administrasyo ni mimi, Monsieur."

Lilitoka tu. Mwenye kofia akageuka. Prefe akatoa ufunguo mfukoni, akanisukuma kwa bega mpaka chumba cha karani na kufunga mlango nyuma yetu.

Nilijaribu kumweleza nikashindwa, maneno yalikuja yote pamoja. Basi nikakunja maua, nikawasha mashine, nikafungua SANDUKU na pale penye 48 nikaandika 12. Nikaiita skripti ya bweni. Ikatoa wasichana kumi na wawili.

"Umewapeleka wapi wengine?" akauliza.

Nikaandika 20. Wakatoka ishirini. Akavuta kiti, akakaa. Sasa alikuwa ameelewa kitu, na nilivyomwona, kilikuwa kinampendeza kidogo.

"Na ukiweka sifuri?"

"Shule nzima imepita, Monsieur, na hakuna anayelala."

"Na mia?"

"Hakuna aliyepita. Ila vitanda ni mia."

Akafikiria. Huko nje mtoto alikuwa analia na mtu anamfokea anyamaze. "Jana," prefe akasema polepole, "walimu walikaa saa nne kupunguza alama mbili. Kumbe walikuwa wanabomoa bweni."

"Ni mimi, Monsieur. Nilidhani hamsini zote ni moja. Hii ya alama na hii ya vitanda, zilikaa pamoja muda mrefu nikadhani ni ndugu. Ni wapangaji tu."

Nikaongeza kisanduku cha nne ndani ya SANDUKU, nikakiita VITANDA, nikaweka 50. Nikarudisha ALAMA kwenye 48. Kwenye skripti ya bweni nikafuta jina moja na kuandika jingine. Hiyo ndiyo kazi yote. Nilipoichapa, jirani yangu akatoka wa hamsini, mkiani kabisa, mzima.

Nikamkabidhi prefe karatasi. Hakuipiga muhuri.

"Hii siwezi kuisoma," akasema.

"Lakini ndiyo sahihi, Monsieur."

"Ndiyo maana. Nikiwaambia kompyuta imekosea vitanda, kesho watu wote waliofeli wako hapa, wanasema na alama imekosea. Utawajibu wewe? Kwa hiyo sauti?" Akagonga meza kwa kalamu. "Nitolee majina mawili tu. Juu uandike Orodha ya Nyongeza."

Nikaandika Orodha ya Nyongeza. Akaipiga muhuri mara mbili.

Alitoka, akasimama kwenye ngazi na kutangaza kwamba baada ya juhudi nyingi za uongozi, nafasi mbili zimepatikana. Wazazi wakapiga makofi. Baba wa yule mdogo alimshika prefe mkono kwa mikono yake miwili. Mwenye kofia akasema, "Si niliwaambia? Kigali wamejibu." Mama wa jirani aliinuka kwenye godoro, akalipangusa vumbi, akasema Mungu ambariki Monsieur, na Monsieur akapokea baraka kama mtu anayepokea barua yake halali.

Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo na nilikasirika. Juhudi nyingi. Nilitaka kumwambia mtu, na wa kumwambia alikuwa mmoja.

"Ni mimi niliyekutoa kwenye orodha," nikamwambia jirani. Nikamweleza yote, hamsini na hamsini, bila kusimama, mpaka nikaishiwa pumzi. Alinisikiliza mdomo wazi, nadhani zaidi kwa ajili ya urefu wa maneno kuliko maana yake.

"Ngoja," akasema. "We ndiye uliniibia kitanda."

"Ndiyo."

"Halafu we ndiye umenirudishia."

"Ndiyo."

"Na huyu muzee anapigiwa makofi juu ya nini?"

"Juhudi."

Alicheka mpaka mama yake akageuka. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Redio, mi ningebeba viazi. Unajua? Mwezi huu. Nilishajiona nao kichwani."

Nilimwambia pole, akasema pole hailaliwi.

Tukaenda bwenini watatu, na godoro, kuliacha kwenye kitanda chake. Kitanda hakikuwepo. Pale pa namba hamsini palikuwa na sakafu safi, na pa arobaini na tisa hivyohivyo. Mama wa bweni, baada ya kuwaambia watu kwamba vitanda viwili vimevunjika, alikuwa ameona ni vema viwe vimevunjika. Alikuwa amevifungua mwenyewe kwa spana, akavipeleka stoo, kabla prefe hajafika kwenye ngazi. Tulimkuta huko akifunga mlango.

"Eh, mumechelewa," akasema. "Hizi ni za kutengeneza."

"Mama, ni zima," jirani akasema. "Jana nimelalia hii."

"Jana ilikuwa zima. Leo asubuhi nimesema imevunjika, watu wamesikia."

Mama wa jirani alimpa Orodha ya Nyongeza, ile yenye mihuri miwili. Yule mama akaisoma juu mpaka chini, akageuza kuona kama nyuma kuna kitu, akafungua stoo.

Tulivibeba vyuma wenyewe. Mama wa jirani alishika vichwa viwili vya kitanda, kimoja kila mkono, sisi tukabeba pembeni na wavu. Cha yule mdogo tulikifunga kwanza, kikakaa sawa. Cha jirani kilipungukiwa na skrubu moja, labda ilianguka stoo, labda ilikuwa mfukoni kwa mama wa bweni ili neno lake lisipotee bure. Nikatafuta chini ya vitanda vyote, nikapata pini za nywele, kijiko, na hakuna skrubu. Mwishowe mama wa jirani akachana kamba iliyofungia godoro, akakaza kona kwa mafundo matatu, akaupiga mguu wa kitanda teke kuujaribu.

Tukalitandika godoro. Jirani akainama, akavua viatu, halafu akanyooka tena akanitazama.

"Panda we kwanza."

"Mimi silali hapa."

"Najua. Panda. Ikianguka, ianguke na wewe."

Nikapanda. Kililia upande wa kamba, kikashuka kidogo, kikasimama. Mama yake akaniambia nigeukie ukutani, nigeuke tena, nikageuka, wao wawili wamesimama juu yangu wakiangalia lile fundo.

"Bado," jirani akasema. "Jaribu kuruka."